Meya, Baraza na Kijiji Kisicho na Manispaa: Mvutano wa Madaraka Kaskazini mwa Cabo Delgado, Msumbiji

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi sheria za Msumbiji zilivyogawa madaraka kati ya meya na baraza la madiwani tangu mwaka 1997, na maana ya mgawanyo huo kwa kijiji cha Quitunda, wilayani Palma. Hoja kuu ni kwamba sheria haiufuti mvutano wa madaraka, bali huuhamisha. Na pale unapohamishiwa ndipo panapoamua iwapo mwananchi atakuwa na sauti ndani yake.

1. Utangulizi

Quitunda ni kijiji kilichojengwa katika rasi ya Afungi kwa ajili ya kaya zilizohamishwa kupisha mradi wa gesi asilia. Familia za kwanza zilihamia mwaka 2019. Palma ilipovamiwa tarehe 24 Machi 2021, maelfu ya watu walikimbilia huko. Kijiji hiki kina nyumba zilizopangwa kwa safu na barabara zilizochorwa kama za mji, lakini hakina meya wala diwani, kwa kuwa Palma si manispaa.

2. Kura mbili, mamlaka mbili: 1998–2018

Sheria Na. 2/97 iliweka msingi wa manispaa, na uchaguzi wa kwanza ukafanyika mwaka 1998 katika manispaa 33. Mpiga kura alipiga kura mbili: moja ya kumchagua meya, nyingine ya kulichagua baraza la madiwani. Meya aliunda halmashauri ya utendaji. Baraza lilipitisha mpango na bajeti. Kila upande uliweza kudai kuwa umetumwa na wananchi.

Mgongano ulijitokeza mapema. Mwaka 2003, huko Marromeu, Renamo ilishinda umeya ilhali Frelimo ilipata wingi wa viti barazani. Mwaka 2008, Daviz Simango alichaguliwa tena kuwa meya wa Beira akiwa mgombea binafsi, baada ya chama chake cha Renamo kumwacha. Akalazimika kuongoza bila wingi barazani. Katika hali hiyo, bajeti haipiti ila kwa mazungumzo. Mazungumzo hayo huchosha na pengine hukwamisha huduma, lakini hufanyika mbele ya wananchi, na kumbukumbu zake hubaki.

Kusini mwa Palma, Mocímboa da Praia inaonyesha upande mwingine. Uchaguzi mdogo wa meya wa Mei 2005 ulimpa ushindi mwembamba mgombea wa Frelimo. Renamo iliyakataa matokeo, na Septemba ikajaribu kumsimika meya wake. Ghasia zilizofuata ziliua watu kadhaa. Hapa mvutano haukuwa kati ya meya na baraza. Ulihusu nani ni meya. Mtafaruku uliokosa chombo cha kuaminika cha kuuamua uliishia barabarani.

3. Mabadiliko ya mwaka 2018

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2018 yaliiondoa kura ya pili. Sasa anayeongoza orodha ya chama au kundi lililopata kura nyingi zaidi za baraza ndiye anayekuwa meya, na baraza linaweza kumwondoa kwa mujibu wa sheria. Kwa nje, mfumo huu unaleta utulivu. Kwa ndani, ushindani umehamia kwenye chama, kwa maana anayepanga orodha ndiye anayempanga meya. Diwani anayetaka kumhoji meya humhoji kinara wa orodha iliyomwingiza yeye mwenyewe barazani.

Kenya ilichagua njia tofauti: gavana na bunge la kaunti huchaguliwa kwa kura tofauti. Mwaka 2014, bunge la kaunti ya Embu lilimwondoa Gavana Martin Wambora, Seneti ikaridhia, kisha mahakama ikabatilisha. Vurugu za kisiasa zilikuwa kubwa, ila hatua zote zilipita katika vyombo vinavyojulikana.

4. Quitunda nje ya ulingo

Katika mkoa wa Cabo Delgado, tangu mwaka 2020 gavana anayetokana na uchaguzi hufanya kazi sambamba na Katibu wa Serikali Mkoani anayeteuliwa na Rais. Wilayani, msimamizi wa wilaya ni wa kuteuliwa. Marekebisho ya 2018 yaliahidi uchaguzi wa mabaraza ya wilaya mwaka 2024. Agosti 2023 Bunge liliiondoa ahadi hiyo.

Athari zake ni za kila siku. Wavuvi waliozoea kuishi kando ya maji walijikuta mbali na pwani; wakulima walidai mashamba ya kufidia. Masuala haya hupelekwa kwa kampuni, kwa msimamizi wa wilaya, au kwa viongozi wa jamii wanaotambuliwa na Amri Na. 15/2000. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye wakazi wanaweza kumwondoa kwa kura kwa kushindwa kujibu.

5. Hitimisho

Mvutano kati ya meya na baraza mara nyingi huhesabiwa kuwa ugonjwa wa serikali za mitaa. Hali ya Quitunda inaonyesha kwamba kutokuwapo kwake si afya. Washauri wa sera wanapaswa kuzingatia mambo matatu: kurejesha ratiba ya mabaraza ya wilaya, kulipa baraza uwezo wa kuchunguza matumizi ya mapato ya gesi bila kutegemea hisani ya chama, na kuweka njia ya mahakama iliyo ya haraka na karibu, ili yaliyotokea Mocímboa da Praia mwaka 2005 yasijirudie. Wahenga walisema wagombanapo ndovu wawili ziumiazo ni nyasi. Lakini Quitunda nyasi zimeumia bila hata kuwaona ndovu wakigombana.