Kibao cha Kupima Unyevu wa Udongo, na Jinsi ya Kukiandikia Maagizo

Mashamba ya Kimira-Oluch katika Homa Bay, na yale ya Kuja ya Chini katika Migori, hunyweshwa kwa mifereji. Zamu ya maji ikifika, watu wengi hufungua tu, wala hawajui kama udongo wa chini una kiu au la. Nyanya zikizidiwa na maji mizizi huoza; zikikosa maji maua hudondoka. Mkulima wa Lambwe anyweshaye bustani yake kwa ndoo, yeye hupoteza nguvu zake bure.

Kiko chombo kidogo kiitwacho micro:bit kinachoweza kusaidia. Ni kibao chembamba, kidogo kuliko kiganja, chenye kompyuta ndani yake na taa ndogo 25. Mwaka 2016 BBC ya Uingereza iliwagawia watoto wa shule wa huko vibao kama milioni moja ili wajifunze kuamuru mashini. Basi mkulima asiogope.

Kibao hakijui kitu mpaka kiandikiwe maagizo. Zamani kazi kama hii ilitaka programu kubwa iwekwe katika kompyuta kwanza. Sasa maagizo huandikwa katika kivinjari cha intaneti, kile kile cha kusomea habari. Fungua Chrome au Edge, andika makecode.microbit.org, uanze kazi mpya. Utaona vipande vya rangi ambavyo huvutwa na kupangwa kimoja chini ya kingine, kama matofali.

Kisha unganisha kibao na kompyuta kwa waya wa USB. Hapa ndipo watu wengi hukwama. Waya nyingi za madukani ni za kuchajia simu tu, hazipitishi maandishi. Waya ikiwa nzuri, kompyuta itaonyesha jina MICROBIT kama inavyoonyesha diski. Isipoonyesha, badili waya kabla ya kulaumu kibao. Bonyeza "Download" ili maagizo yaingie. Taa ya nyuma ya kibao itametameta. Kivinjari kisichoweza kuongea na kibao moja kwa moja, kama Firefox, kitakupa faili. Livute uliweke ndani ya MICROBIT.

Kwa kazi yetu tafuta misumari miwili na waya mbili zenye vibanio. Msumari mmoja ufungwe kwenye tundu 0, wa pili kwenye tundu 1, kisha ichomeke udongoni ikiachana kidogo. Maagizo ni haya: kitufe A kikibonyezwa, washa tundu 1, soma tundu 0, zima tundu 1, onyesha namba. Vipande vya matundu vimo katika "Pins", chini ya "Advanced". Usiache umeme ukipita mchana kutwa, maana misumari italiwa na betri zitakwisha upesi. Shambani kibao hutumia betri mbili nyembamba za AAA.

Namba huenda toka 0 mpaka 1023, na udongo wenye maji hutoa namba kubwa zaidi. Lakini usiazime namba za jirani. Udongo mweusi wa mfinyanzi hausomi sawa na wa kichanga, na mbolea ya chumvi hupandisha namba hata kama maji ni machache. Pima shamba lako likiwa kavu, pima tena baada ya kunywesha, uandike namba zote mbili. Muda wote misumari iende kina kile kile. Mwanzoni chimba kidogo kando yake ukafinye udongo kwa mkono. Mkono wa mkulima bado ni shahidi mzuri, na namba isipopatana nao, tafuta sababu.

Jambo moja la hatari kwa wale wanaotumia kompyuta za saiba. Kazi yako huhifadhiwa ndani ya kivinjari cha kompyuta ile ile. Mwenye saiba akifuta kumbukumbu zake jioni, kazi yako imekwenda. Kwa hiyo kabla ya kuondoka, chukua lile faili, ambalo jina lake huishia na hex, ulitie katika flashi yako. Siku nyingine ukilivuta juu ya ukurasa ule, vipande vyote vitarudi kama ulivyovipanga.

Kibao hakipendi mvua. Kitie katika kopo la plastiki lenye kifuniko, waya zipite tundu la upande wa chini.