Dozi isiyo na kidonge cha mwisho

Mgonjwa wa kisukari anayetoka Bahi au Mpwapwa na kufika kliniki ya mjini Dodoma akiwa amekaa miezi miwili bila dawa, mara nyingi si mkaidi wala mzembe. Ukimuuliza atakujibu kwa utulivu: nilimaliza dozi. Jibu hilo lina mantiki yake, maana sisi tumelelewa na malaria. Dawa ya mseto humezwa siku tatu, vidonge 24 kwa mtu mzima, homa inashuka, unarudi shambani. Hata kifua kikuu, pamoja na miezi yake sita, kina siku ya mwisho. Kisukari cha aina ya pili hakina.

Tena hakiumi. Sukari ikiwa 12 au 14, mtu anaweza kuchota maji, kushinda sokoni Majengo akiuza nyanya, na jioni kucheza ngoma harusini. Akimeza metformini wiki chache, kiu inapungua, haamki tena usiku kukojoa, basi anajiona amepona. Kumbe kazi kubwa ya kidonge ilikuwa kulizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu. Dawa ikikatika, ini linarudia yaleyale. Kimyakimya, mishipa midogo ya macho, ya figo na inayolisha neva za miguu inaendelea kuharibika.

Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1998 ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 5,000 waliokuwa wamegundulika karibuni. Waliodhibitiwa sukari kwa ukaribu zaidi walipungukiwa na madhara ya mishipa midogo kwa takriban robo. Hiyo robo ni macho ya watu na figo za watu.

Wapo wanaoacha kwa hofu: eti dawa za sukari zinaua figo. Naisikia kauli hii kila mahali, na inaniuma, kwa sababu imegeuza mambo juu chini. Kinachoziharibu figo ni sukari yenyewe, pamoja na presha. Figo zikishachoka, daktari hupunguza au husimamisha metformini, na hapo jirani anaona dawa ndiyo mkosaji. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma ilianza kupandikiza figo mwaka 2018, nami najivunia hilo. Lakini figo ya kupandikizwa inahitaji ndugu wa kuitoa, kisha vidonge vya kila siku maisha yote.

Sababu nyingine zina uzito wa kweli. Nauli ya kliniki ni fedha. Mwenye glibenklamaidi, dawa inayolisukuma kongosho litoe insulini, akiimeza asubuhi na chakula kisipatikane hadi jioni, anaweza kutetemeka, kutokwa jasho na kuanguka. Mwezi wa Ramadhani kule Kondoa hatari ni hiyohiyo. Asiiache kimya wala asiimeze kwa mazoea. Amwone daktari kabla ya mfungo ili dawa ipangwe upya.

Mguuni ndiko ukimya wa ugonjwa huu unakoonekana. Mgonjwa hufumba macho, mhudumu anamgusa nyayo kwa uzi mgumu wa nailoni mpaka uzi upinde, naye atamke "ndiyo" kila anapohisi. Uzi unapinda kwenye kidole gumba, hasemi kitu. Unapinda chini ya kidole kidogo, bado anasubiri kuguswa. Katika nchi yetu hii ya miiba, mguu wa namna hiyo unaweza kutembea na mwiba uliopenya katambuga, mwenyewe akashtushwa na harufu. Ndiyo maana nyayo hukaguliwa kila jioni. Asiyeweza kuinama amwite mjukuu amwangalie.

Kuna pia mtindo wa kumeza dawa siku tatu kabla ya kliniki ili kipimo cha kidole kitoke vizuri. Kipimo cha HbA1c hakidanganyiki hivyo, kwa kuwa husoma sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu kwa miezi miwili hadi mitatu. Kisipokuwepo, lipo swali. Ukiuliza "unameza dawa?", kila mtu ataitikia. Uliza badala yake, bila kumkaripia, "nyumbani vimebaki vidonge vingapi?", kisha mwache afikiri.