Kabla Ujiite Landi

Wasee wa mtaa wakianza kubonga mambo ya kuomoka, ploti haikosi. Kila mtu anadai siku moja awe landi: anakaa tu, tarehe tano inafika, simu inaanza kulia M-Pesa. Hata mimi. Nimelelewa kwa singo ya renti huko Kayole, na nilikuwa nacheki landi wetu akipita mlango kwa mlango na kile kitabu chake, nikidhani hiyo ndio chapaa rahisi kushinda zote Kanairo. Sai mimi na macuzo watatu tuko mbioni kujenga, na kuna kitu nimejua: keja haijilipi. Si miaka ya kwanza.

Cheki hesabu yetu. Mathe ako na ka-ploti Ruai, 50 kwa 100, alinunua pole pole na doo za chama miaka yote akiuza mboga. Fundi amepiga hesabu, bedsita sita zitakula milioni mbili. Kwa benki hatukukaa. Kenya nzima mikopo ya nyumba ya benki haifiki 35,000, na sisi hakuna mwenye ako na payslip. Tukaenda sacco.

Sacco nyingi zinakupea mara tatu ya akiba yako. Ukidai milioni mbili, lazima 667,000 iwe imelala hapo, pamoja na wadhamini. Hao wadhamini usiwachukulie poa, juu ukikwama, akiba yao ndio inakatwa. Nimeona urafiki wa tangu darasa la kwanza ukiisha hivo.

Sasa shika hii. Riba ya asilimia moja kwa mwezi, kwa deni yenye imebaki, miaka tano: unalipa kama 44,500 kila mwezi. Bedsita sita kwa ngiri sita ni 36,000. Tayari umeachwa, na hujagusa ushuru. Gava inachukua asilimia 7.5 ya renti yote kabla utoe gharama yoyote, tangu Januari 2024, ka renti yako kwa mwaka imepita 288,000. Na unalipa kabla tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Alafu kuna mwezi wenye keja moja iko tupu. Hapo unabaki na 27,750 mkononi, na sacco inangoja 44,500.

Hiyo shimo ya karibu 17,000 ndio huua ndoto za wasee. Wengi hujenga wakijua renti italipa loni, mwezi wa nne wanaanza kukopa kwa simu ndio walipe sacco, na hapo sasa ni kuzama. Sisi tuko wanne. Tukigawa, ni kama 4,200 kila mtu. Na ndio maana sai kila mmoja anaweka ngiri tano kila mwezi, mvua ama jua. Hiyo si akiba peke yake, ni mazoezi. Ka huwezi toa ngiri tano sai ukiwa huna deni, hutaitoa ukiwa nayo.

Kuna kitu ingine mbogi yetu ilibishania usiku mzima: keja ya saba ama tangi kubwa ya maji. Nikasimama na maji. Sisi wenye tumekulia Eastlando tunajua mathe akiamka saa kumi usiku kupanga mitungi kwa laini. Tenant hahami juu ya rangi ya ukuta. Anahama juu mfereji umekauka wiki mbili. Keja ya saba yenye haina maji ni keja tupu.

Na karatasi, tafadhali. Wasee kibao huku wako na share certificate za kampuni za kununua mashamba, hawana taito. Ukienda kukopa na ploti yenyewe iwe dhamana, hiyo karatasi haikusaidii. Ka ploti yako iko Nairobi, fanya search kwa Ardhisasa kabla utoe hata soo.

Alafu usikubali fundi akupunguzie chuma. Huruma, Aprili 2016, ghorofa sita ilianguka usiku kukinyesha, watu karibu 50 wakakufa. Walikuwa wapangaji, wasee wa renti kama sisi. Ukiamua kuwa landi, maisha ya watu wako kwa hiyo mawe. Lipia injinia, ngoja idhini ya kaunti, hata ka itakurudisha nyuma miezi sita.

Sisi bado hatujachimba msingi. Mwezi huu ni wa 20, akaunti imesoma 400,000. Imebaki 267,000, na tarehe moja kila mtu atatuma ngiri tano.