Mkono wa kibarua: Jinsi ya kutibu msuli uliochanika

KATIKA ukanda wa miwa unaoanzia Awasi, kwenye barabara kuu ya Kisumu kuelekea Kericho, hadi Chemelil na Muhoroni, mkono ndio mtaji wa kibarua. Mkata miwa huinua panga na kulishusha tangu alfajiri, naye mpakiaji hubeba vifurushi vizito hadi kwenye trela. Kwa kuwa mara nyingi ujira hulingana na kazi iliyofanyika, siku ya kuuguza mkono huwa siku isiyo na malipo.

Ndiyo sababu wengi wanaojeruhiwa msuli hurejea shambani mapema mno, na jeraha ambalo lingepona kwa wiki chache likageuka kuwa ugonjwa wa miezi.

Msuli umeundwa kwa nyuzi nyingi nyembamba. Nyuzi hizo huchanika hasa pale msuli unapovutwa kwa nguvu huku wenyewe ukijikaza, kama vile mtu anapodaka ghafla mzigo unaomponyoka. Uchovu, pamoja na kuanza kazi nzito kabla mwili haujapata joto, huongeza hatari hiyo.

Viwango vitatu

Matabibu hugawa majeraha haya katika viwango vitatu. Katika kiwango cha kwanza ni nyuzi chache tu zilizochanika. Mkono huuma lakini nguvu hubaki, na kwa kawaida mgonjwa hupata nafuu baada ya wiki mbili au tatu. Katika kiwango cha pili mkono huvimba, huvilia damu na kupungukiwa na nguvu. Kupona huweza kuchukua mwezi mmoja hadi miwili. Kiwango cha tatu ni msuli, au kano inayouunganisha na mfupa, kukatika kabisa. Hapo upasuaji huenda ukahitajika, na kupona huchukua miezi kadhaa.

Siku za kwanza

Hatua ya kwanza ni kuacha kazi papo hapo. Mkono uinuliwe juu ya mto, au uning'inizwe kwa leso iliyofungwa shingoni, na ufungwe bandeji isiyobana mno. Vidole vikipata ganzi au kupauka, bandeji ilegezwe.

Barafu iliyoviringishwa kitambaani, ikiwekwa kwa muda wa dakika 10 hadi 15, hupunguza maumivu. Isigusane na ngozi moja kwa moja. Hata hivyo, imani ya zamani kuhusu barafu na mapumziko marefu imepungua. Gabe Mirkin, tabibu wa michezo wa Marekani aliyeeneza ushauri huo mwaka wa 1978, alikiri mnamo 2014 kwamba barafu na mapumziko kamili huenda vikachelewesha uponyaji.

Kosa kubwa zaidi ni kukimbilia kukandwa. Kuusugua msuli kwa nguvu au kuukanda kwa maji moto katika siku mbili tatu za mwanzo huongeza uvujaji wa damu na uvimbe. Kukandwa kwa nguvu kunaweza hata kuchangia mfupa kuota ndani ya msuli uliovilia damu. Pombe nayo iepukwe.

Kwa maumivu, parasetamoli hutosha mara nyingi. Wenye vidonda vya tumbo au maradhi ya figo, na wanawake wajawazito, wasimeze ibuprofeni bila ushauri wa daktari. Tena, dawa huficha maumivu tu, haiungi nyuzi. Anayemeza vidonge ili arudi kukata miwa hujiongezea jeraha.

Kurejea kazini

Baada ya siku mbili au tatu, mkono wenye jeraha dogo uanze kukunjwa na kunyooshwa taratibu, kwa kadiri maumivu yanavyoruhusu. Baadaye mgonjwa ausukume dhidi ya kiganja cha mkono mwingine bila kuukunja. Hatimaye ainue chupa ya nusu lita iliyojaa maji na kuishusha polepole, mara 10 hadi 15, akiongeza uzito kidogo kidogo. Maumivu yakizidi siku inayofuata, apunguze.

Kipimo cha kurudi kazini si idadi ya siku. Mkono ukunjike na kunyooka kikamilifu bila maumivu, na nguvu zake zikaribiane na za mkono mzima. Hata hapo, ni heri kuanza na mizigo midogo.

Dalili za hatari

Mgonjwa afike hospitalini bila kuchelewa iwapo alisikia mlio kama wa kamba inayokatika, msuli ukijikusanya kama donge, au akishindwa kukunja kiwiko au kugeuza kiganja juu. Kano iliyokatika hushonwa kwa urahisi zaidi katika wiki za kwanza. Ganzi ya vidole na mkojo mweusi baada ya kazi nzito pia ni dalili za dharura. Maumivu ya mkono yasiyotokana na jeraha, yakiandamana na kubanwa kifua, huenda yakawa ya moyo.

Aliyeumia kazini amwarifu mwajiri mara moja na kuhifadhi karatasi za matibabu. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka wa 2007 humtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Kwa kibarua, wiki mbili bila ujira ni hasara kubwa. Lakini mkono ukikatika kano, huenda akapoteza msimu mzima.