Mashine ni ya Nairobi na Kampala, mzigo ni wa kijiji

UKIFIKA katika kituo cha pamoja cha forodha mjini Busia, kilichofunguliwa rasmi Februari 2018, utaona jinsi kompyuta zilivyofupisha safari ya lori. Dereva husimama mara moja, karatasi zake hukaguliwa na maafisa wa nchi zote mbili, kisha anaendelea.

Safari ya jina la mtu kuingia katika sajili ya wapiga kura haijafupishwa hivyo.

Katika pitapita zangu za kikazi kati ya Busia, Malaba na Tororo, nimekutana na swali hili sokoni na kwenye vituo vya boda boda: nani hasa analipia sajili hizi za kisasa?

Jibu la haraka ni serikali kuu. Mwaka 2012, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ilipata takriban mashine 15,000 za kusajili watu kwa alama za vidole, kwa mkopo uliopitia Canada. Mkopo huo ulizidi Sh7 bilioni. Wakenya milioni 14.3 walisajiliwa kwa siku 30. Ukipiga hesabu, kila jina liligharimu takriban Sh500 za mashine pekee, kabla ya malipo ya makarani na mafuta ya magari.

Uganda nayo ilianza kuweka picha katika sajili yake mwaka 2001. Mwaka 2014 ikaandikisha raia wake kwa vitambulisho vya kitaifa, na orodha ya uchaguzi wa 2016 ikachotwa humo.

Gharama hizo zilikuwa na sababu. Tume ya Jaji Johann Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wa Kenya wa 2007, ilikadiria kuwa sajili ya wakati huo ilikuwa na majina ya marehemu wapatao milioni 1.2.

Hata hivyo, mashine husoma kidole tu. Haijui mwenye kidole ni mtoto wa nani, anaishi wapi, wala kama angali hai. Hayo bado hujibiwa kijijini.

Upande wa Kenya, uchaguzi ni kazi ya IEBC, si ya serikali ya kaunti. Lakini kabla ya mtu kuifikia mashine ya IEBC sharti awe na kitambulisho, na njia ya kitambulisho hupitia kwa chifu na naibu wake. Naibu huyo huyo ndiye hupokea taarifa za waliofia nyumbani. Asipopewa fomu wala nauli, marehemu atabaki "hai" katika kompyuta ya Nairobi.

Upande wa Tororo, mzigo huo humwangukia mwenyekiti wa LC1, ambaye hutambulisha wakazi wake kwa barua na muhuri. Malipo aliyozoea kupata kutoka serikalini ni Ush120,000 kwa mwaka, yaani Ush10,000 kwa mwezi, fedha zisizofika Sh400 za Kenya. Karatasi, wino na kalamu ni juu yake. Nani atashangaa basi mwananchi akiombwa "kitu kidogo cha wino"?

Aidha, sheria ya Uganda hutaka orodha ya wapiga kura ionyeshwe hadharani kwa muda usiopungua siku 21, na malalamiko ya kuondoa majina husikizwa katika ngazi ya parishi. Kazi hiyo huhitaji watu wanaowajua majirani zao, na muda wa watu hao ni mali.

Wanaoumia zaidi ni waliorejea nyumbani. Mapema mwaka 2008, maelfu ya Wakenya walivuka Busia na Malaba wakikimbia ghasia za baada ya uchaguzi. Walipokewa Mulanda, wilayani Tororo, kisha wengi wakahamishiwa Kiryandongo. Wakiwa huko, sajili ya 2007 ilitupwa. Mpya iliandikwa 2010, nayo pia ikawekwa kando 2012 na kazi ikaanza upya. Aliyekuwa kambini miaka yote hiyo alipitwa mara mbili.

Mtu kama huyo akirudi na kitambulisho chake kiliteketea pamoja na nyumba, huenda akamkuta chifu mgeni asiyemjua. Sharti atafute wazee wa kumtolea ushahidi, alipe nauli yao, na aache biashara siku kadhaa. Kitambulisho kilichopotea kimekuwa kikilipiwa Sh1,000 nchini Kenya na Ush50,000 nchini Uganda.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani kuna hatari nyingine. Wateso na Wasamia wana jamaa kote kuwili, na kuna anayeshawishika kushika vitambulisho viwili. Sheria za nchi zote mbili zinaruhusu uraia pacha, lakini sharti utangazwe. Anayeficha anajitafutia makosa, kwani alama za vidole hazibadiliki mtu akivuka mpaka.

Kisha kuna marehemu wa mpakani. Mtu akifia Tororo na kuzikwa Amagoro, ofisi ya Tororo itadhani Kenya imeandika kifo chake, na ile ya Amagoro itadhani Uganda imekwisha kuandika. Uchaguzi ujao jina lake litakuwa pale pale, likisubiri mjanja.

Kwa maoni yangu, bajeti yoyote ya kuboresha sajili iwe na fungu la kijiji: fomu, nauli na posho ya naibu wa chifu na mwenyekiti wa LC1. Ofisi za pande zote mbili za mpaka nazo zipashane habari za vifo, kama maafisa wa forodha wanavyopashana habari za mizigo.

Ukifika ofisini, msomaji, chukua nakala ya kila karatasi unayotoa, na uulize ada halali ni kiasi gani kabla ya kufungua mkoba. Jina lako likikosekana kwenye orodha, lalamika wakati wa ukaguzi. Siku ya kura mambo yatakuwa yamekwisha.