Kuacha, Kuachishwa na Kufukuzwa: Istilahi za Kukoma kwa Ajira

Miongoni mwa dhana zinazowatatiza wafasiri wa nyaraka za kazi ni ile ya sheria ya Marekani ihusuyo ajira ambayo mwajiri au mwajiriwa aweza kuivunja wakati wowote, kwa sababu yoyote au pasipo sababu. Wasemaji wa Kiswahili waishio nchini humo hupewa barua zenye sharti hilo, na wengi wao humtegemea mfasiri kuzielewa. Yafaa basi tuieleze dhana yenyewe kabla ya kuichagulia neno.

Kanuni hiyo ilijengwa na mahakama za Marekani katika karne ya 19, na kitabu cha Horace Wood cha mwaka 1877 kilichangia sana kuieneza. Hufuatwa karibu nchini kote. Jimbo la Montana peke yake, kwa sheria ya mwaka 1987, humtaka mwajiri awe na sababu ya haki baada ya kipindi cha majaribio kwisha. Hata hivyo, utashi wa mwajiri una mipaka. Sheria ya mwaka 1935 yakataza kumwachisha mtu kazi kwa kujiunga na chama cha wafanyakazi. Ya mwaka 1964 yakataza kumwachisha kwa ajili ya rangi, dini, jinsia au asili yake.

Kwetu Tanzania msingi ni mwingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Kwa kuwa dhana ya Marekani haimo katika sheria yetu, hatuna neno lililo tayari.

Wako waandikao "ajira ya hiari". Tafsiri hii yapotosha, kwani kazi ya hiari kwetu ni ya kujitolea, tena neno "hiari" humfanya msomaji adhani kwamba uhuru wote ni wake. "Ajira ya muda" nayo haifai, maana ya muda ina kikomo kijulikanacho, hii haina. Wala mwajiriwa huyu si kibarua. Twapendekeza "ajira ivunjwayo kwa utashi". Ni ndefu, lakini yamwonya msomaji juu ya jambo lenyewe.

Lililo zito zaidi ni vitenzi. "Ameacha kazi" na "ameachishwa kazi" hutofautiana kwa viambishi vichache tu, lakini katika majimbo ya Marekani tofauti hiyo yaweza kuamua kama mtu atapata bima ya ukosefu wa kazi. Aliyeacha mwenyewe bila sababu nzito kwa kawaida hapati. Aliyeachishwa pasipo kosa lake, akitimiza masharti mengine, hupata. Mfasiri akiidondosha kauli ya kutendesha au ya kutendwa, amemwandikia mtu ungamo ambalo hakulitoa.

Kwa sababu hiyo twashauri maneno yafuatayo yatumike kwa maana hizi:

Kuacha kazi: mfanyakazi mwenyewe kukatisha ajira.
Kuachisha kazi: mwajiri kukatisha ajira, neno hili halisemi kama pana kosa au la.
Kufukuza kazi: kuachisha kwa sababu ya kosa. Lisitumiwe pale ambapo barua haikutaja kosa.
Kupunguza wafanyakazi: kuachisha kwa sababu za uendeshaji, kama vile uhaba wa kazi.
Kusimamisha kazi: kumzuia mtu kazini kwa kipindi fulani. Ajira bado ipo, ingawa katika mazungumzo ya kila siku wengi hulitumia kana kwamba imekwisha.
Kiinua mgongo: malipo ya mwisho wa utumishi. Sheria ya shirikisho ya Marekani haimlazimishi mwajiri kuyatoa. Mfasiri asiliweke neno hili mahali pa malipo ya likizo au mshahara uliosalia.

Mwalimu aweza kuyafundisha maneno haya pamoja na somo la minyambuliko ya vitenzi. Karani na mfasiri, kabla ya kuandika lolote, hawana budi kujiuliza maswali mawili: ni nani aliyeivunja ajira, na je, barua imetaja sababu? Barua isipotaja sababu, tafsiri nayo isitaje.