Ufugaji wa Kondoo (3): Siku ya Kumwachisha Ziwa

Wiki iliyopita tulimwacha mwanakondoo amekwisha kunyonya dang'a na kusimama imara. Sasa aachishwe ziwa lini? Wengi hujibu miezi mitatu, na si jibu baya. Lakini kalenda haimjui mwanakondoo uliye naye zizini.

Maziwa ya kondoo huwa mengi zaidi kati ya wiki ya pili na ya nne baada ya kuzaa, kisha hupungua. Wakati huo tumbo la mwana linabadilika. Huzaliwa na rumeni (tumbo la kwanza) ndogo isiyofanya kazi, na maziwa huipita yakaenda tumbo la nne. Kinachoikuza rumeni ni majani na pumba. Basi tangu wiki ya pili mwekee nyasi laini na pumba kidogo, pahali ambapo mama yake hapenyi.

Mimi huwatazama jioni. Mwana amejilaza, taya linazunguka polepole. Tonge linashuka kooni, anatulia kidogo, jingine linapanda. Huyo anacheua. Akiwa pia na uzito usiopungua mara tatu ya ule aliozaliwa nao, yuko tayari. Ukame ukimkondesha mama hadi mbavu zikahesabika, miezi miwili yatosha, mradi pumba ipo.

Siku ikifika, mwondoe mama, mwana abaki. Zizi ni lilelile, maji ni yaleyale, wenzake wapo. Kilichopungua ni kimoja tu. Mpeleke mama mbali, asisikie kilio, na umpunguzie chakula kizito kwa siku chache ili kiwele kikauke. Usimkamue kwa huruma, maana kukamua huita maziwa mengine. Kiguse kiwele kila asubuhi: kikiwa cha moto na kigumu upande mmoja, mwite daktari wa mifugo.

Baada ya kuachishwa ziwa ndipo minyoo huvamia watoto. Kajiado, ambako kondoo wekundu wa Kimaasai wamechanganywa sana na Dorper kutoka Afrika Kusini, tofauti huonekana wazi: mwekundu huvumilia minyoo, Dorper hukua haraka lakini huelemewa. Funua kope la chini. Likiwa jekundu, shukuru. Likiwa jeupe, damu imenyonywa, na dawa isingoje kesho.

Wiki ijayo tutaanza na madume wadogo, ambao wakifika miezi minne hawafai tena kulala zizi moja na dada zao.